Katutoka

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na tatu mwezi wa tano, kwa neno moja. Paa nunga jike, nambari 27, wa wale waliobaki wachache duniani, alipenya tundu la ua wa hifadhi huku Kisauni. Kitsao, mlishaji wake, akaandika daftarini: 27 katutoka. Asubuhi ya Jumatano akamkuta kichakani nyuma ya ghala, akambeba kifuani hadi zizini. Hakuandika tena. Paa si amerudi?

Clifford, karani mgeni kutoka bara, ndiye aliyeingiza daftari kwenye kompyuta. Kwao, aliyetutoka huwekwa picha gazetini. Akabonyeza: amekufa.

Wiki tatu baadaye Kitsao akaitwa ofisini. Vivian, meneja, hakumwambia akae.

"Mzee Kitsao, mzoga uko wapi?"

"Mzoga upi, mama?"

"Wa 27. Nyama umeiuza wapi? Mtopanga?"

"Yuko zizini, mama. Ana mimba. Twendeni mkamwone."

Walikwenda. Clifford akapitisha shingoni mwa paa kile kifaa kisomacho nambari iliyo chini ya ngozi. Kikalia, kikaonyesha: 27. Paa alikuwa akilamba chumvi kwenye kidole cha Kitsao.

"Si ndiye huyu?"

"Ndiye, mzee," Clifford alisema, akichezea funguo. "Lakini hii data ishaenda. Bustani za wanyama za ng'ambo, watu wanaohesabu paa wa msituni, wafadhili, wote wanasoma rekodi moja. Dume wake ashapewa jike mwingine."

"Basi futa."

"Kufuta inataka barua. Barua inataka jina la aliyekosea."

"Na aliyekosea ni nani, mwanangu?"

Clifford akamtazama Vivian. Vivian akatazama saa.

"Mimi siwaandikii wazungu kwamba mnyama amefufuka," alisema. "Wakaguzi waja Ijumaa. Rekodi inasema kuna mzoga. Nionyeshe mzoga. La sivyo ni kesi ya ujangili, na mwandiko daftarini ni wako."

"Mama, wasema nimchinje?"

"Nimesema hivyo? Clifford, umenisikia nikisema hivyo?"

"Sijasikia, madam."

Wakaenda zao. Kitsao alibaki zizini, mgongo kwenye ule ua ambao tangu Januari aliomba waya wa kuuziba. Paa akaja kumnusa mfuko wa shati, anamotia majani ya kunde. Leo mlikuwa na simu tu, nayo ikatetemeka.

Ujumbe wa hospitali. Mkewe alizikwa Februari. Mara mbili Kitsao alifunga safari kwenda kuwaambia huko hospitalini, mara mbili akaonyeshwa dirisha jingine. Aliusoma ujumbe polepole, ukucha chini ya kila neno, paa akimpumulia mkononi.

"Josephine, tunakukumbusha kliniki yako ya Ijumaa. Je, utafika? Jibu NDIYO au LA."