Kidonge cha Bi Zeyana

Mkono wa Bi Zeyana ulilazwa juu ya meza ya maabara kwa mara ya tatu tangu Agosti, na safari hii mshipa uligoma kabisa kujitokeza. Advera, mpimaji wa damu wa kituo kile cha afya, aliusugua kwa viganja vyake viwili. Nje jua la Oktoba lilikuwa linachoma mabati, lakini mkono ule ulikuwa wa baridi kama mtungi.

"Nisamehe mama, leo nitakuumiza kidogo."

"Umiza tu, mwanangu," Bi Zeyana akajibu kwa sauti nzito ya kukwaruza, ambayo mwaka mmoja nyuma haikuwa yake. "Mimi nimerukiwa na samli ya moto miaka arobaini. Sindano itanifanya nini?"

Miaka arobaini hiyo hakuitaja kwa majivuno. Tangu alipofariki baba yake, mzee Thani, yeye ndiye aliyebaki na sufuria ya shaba na mwiko mrefu, na mtaa mzima wa Isevya ulijua halua ya harusi inatoka nyumba gani. Halua yake hukorogwa saa tatu bila mkono kupumzika. Wanga, sukari na zafarani vinatangulia, samli inafuata kidogo kidogo, na ole wako ugeuke kumjibu mtu mlangoni, maana ikishika chini imekwisha. Watu wa Nzega walikuwa wanaagiza kwa basi. Mwenyewe alionja kwa ncha ya kijiko tu, na alikuwa akisema fundi asiyeweza kuonja bila kula aende akauze mkaa.

Ugonjwa ulimwingia kwa hila. Alinenepa na huku anakula kidogo kuliko zamani. Uso ulivimba asubuhi, nyusi zikanyonyoka pembeni, usingizi ukawa haumwishi. Baridi ndiyo hakuna aliyeigundua, kwani nani atamshangaa mpika halua kwa kukaa karibu na moto? Ikawa hivyo hadi siku ile sufuria nzima ya harusi iliposhika chini, mwiko uko mkononi na yeye amesinzia. Ndipo Asmahani, binti wa marehemu dada yake aliyekuwa akiishi naye, alipomkokota hadi kituoni.

Majibu ya kwanza yalikuja mabaya kila upande. Mafuta kwenye damu yalikuwa yamepanda, figo zilichuja kivivu, ini nalo lilikuwa na malalamiko yake. Mtaa ukatoa hukumu siku hiyohiyo kwamba ni samli. Walisema kwa upole, tena mbele yake, na upole huo ulimuuma kuliko ugonjwa wenyewe, maana ni kama walisema kazi ya baba yake ilikuwa sumu tangu mwanzo.

Advera ndiye aliyeuvaa ujasiri akaingia kwa daktari. Akamwambia kwamba mafuta, figo na ini vikiharibika pamoja, kwa mtu wa baridi namna ile na sauti namna ile, huenda si magonjwa matatu. Kikapimwa kipimo cha thairoidi, ile tezi ya shingoni, ikakutwa imelala. Daktari akaeleza kwamba tezi hiyo ndiyo inayoupangia mwili kasi ya kufanya kazi. Ikilegea, ini halifagii tena mafuta kwenye damu, vipimo vyake vyenyewe hupanda, na figo hupitisha damu kidogo. Akamwandikia kidonge cha kila asubuhi, tumbo likiwa tupu.

"Kwa hiyo sufuria ni nzima," Bi Zeyana alisema siku ile. "Moto ndio mdogo."

Daktari alicheka, akakubali kwamba ndivyo ilivyo.

Sasa wiki nane zilikuwa zimepita na moto haukuwaka. Advera alipotoa mirija kwenye mashine ya kuzungusha damu, maji ya juu bado yalikuwa meupe kama tui jepesi. Tezi ilikuwa palepale, na figo zilikuwa zimeshuka zaidi. Daktari aliyasoma majibu, kisha akaandika barua ya rufaa kwa wataalamu wa figo. Alitaja, kwa sauti ya chini, mashine ya kusafisha damu.

Bi Zeyana aliikunja barua mara nne akaitia kwenye mkoba. Alipofika nyumbani alimwita Asmahani jikoni akamkabidhi mwiko. Alisema oda zote mpya ni zake kuanzia leo, kwa sababu mtu hachukui harusi ya watu kwa tarehe ambayo hajui kama ataifikia. Alilisema hilo kwa jicho kavu kabisa. Asmahani ndiye aliyelia.

Lakini Advera hakuridhika. Kidonge kile alikuwa anakifahamu, alishaona kikiwainua wengine. Kesho yake asubuhi, kabla ya zamu, akapita Isevya.

"Shikamoo, Bi Zeyana."

"Marahaba. Karibu ukae, kwanza kunywa."

Kahawa ilikuwa tayari kwenye dele, na majirani wawili walikwishajiweka kwenye mkeka kama kawaida yao ya kila asubuhi. Bi Zeyana alimmiminia mgeni, akajimiminia na yeye. Kisha akamega halua kiasi cha punje ya karanga, akakididimiza kidonge ndani yake, akasema bismillahi, akameza na kukisindikiza kwa kahawa.

Advera akaweka kikombe chini. "Kila siku unakimeza hivyo?"

"Sijakosa hata siku moja. Tumbo tupu, kama mlivyoniambia. Mkate naula saa mbili."

"Na hiyo kahawa, mama?"

Bi Zeyana alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeulizwa iwapo hewa inashibisha. "Kahawa si chakula, mwanangu."

Katika nyumba ile kweli haikuwa chakula. Tangu babu zake waliokuja na misafara, msafiri alikaribishwa kwa kahawa, mzazi alipewa kahawa, na mgonjwa alimezea dawa yake kwa kahawa. Hata ile halua aliiweka kwa adabu tu. Kidonge kilikuwa kidogo mno, akaona vibaya kukipitisha peke yake.

Advera alimweleza taratibu kwamba kahawa inaikamata dawa tumboni, na halua inasaidia kuizuia, hata ikafika kwenye damu kidogo mno. Siku hamsini na sita za uaminifu, na sehemu kubwa ya dawa imekwenda bure. Mwingine angewaka, akauliza kwa nini hawakusema mapema. Bi Zeyana aliuliza swali moja tu.

"Nikae muda gani kabla ya kahawa?"

"Saa nzima. Maji matupu tu."

Daktari, alipoelezwa, alikubali barua ingoje wiki sita. Figo zisipobadilika, safari ya kwa wataalamu iko palepale.

Kuna watu wanasifiwa kwa kupanda milima. Mimi namsifu mwanamke huyu, ambaye kila alfajiri alimeza kidonge kwa maji ya mtungi, akawamiminia majirani kahawa, harufu ya iliki ikampanda puani, na mwenyewe akakaa saa nzima bila kulamba hata tone. Majirani walijaribu kumwonea huruma wakataka waache kuja. Akawakataza. Alisema aliyekoroga sufuria saa tatu hashindwi na saa moja ya kukaa.

Mvua za Desemba zilikuwa zimeshika aliporudi maabara na Asmahani. Damu ilitoka kwa sindano ya kwanza. Walikaa kwenye benchi wakingoja, Asmahani akihesabu tasbihi, Bi Zeyana akitazama mlango. Safari hii Advera hakuwaita ndani. Alitoka mwenyewe na karatasi, akachuchumaa mbele yao.

"Tezi imeamka," alisema. "Ini limetulia, mafuta yanashuka. Na figo zinarudi, mama. Daktari atakueleza vizuri, lakini ile barua amesema nimrudishie."

Bi Zeyana aliitoa barua mkobani, ingali imekunjwa mara nne, akampa.

"Na mimi nina shida yangu," Advera akaendelea. "Mdogo wangu anaolewa Bukoba mwezi wa pili. Nataka halua ya watu mia."

Asmahani alifungua kinywa kujibu, kwa kuwa oda sasa zilikuwa zake. Wanawake wa mtaa wangesema kumjibia mgonjwa ndiyo heshima. Bi Zeyana akamwekea mkono gotini, mkono wenye joto, akamnyamazisha.

"Mwezi wa pili, tarehe ngapi?"

Advera akaitaja. Bi Zeyana akairudia polepole, siku na mwezi wake, huku bado amebana pamba kwenye kiwiko.