Goli la Thelathini na Moja

Kabla hujasema nina mdomo mchafu, sikiliza kwanza walichomfanyia mume wangu. Halafu uniambie kama kuna neno safi linalowatosha.

Mume wangu alikuwa mshambuliaji wa ligi kuu. Walimwita Kisigino, maana alikuwa na tabia ya kufunga kwa kisigino huku kipa anatazama vidole. Msimu mmoja, mimi nikiwa na mimba ya kifungua mimba wetu, alifunga magoli thelathini na moja. Yakaandikwa kwenye kitabu cha ligi, na kwa miaka thelathini na minne hakuna aliyeyafikia. Hakupata nyumba wala gari. Alipata goti bovu, na kazi ya kutunza ghala la saruji hadi alipostaafu. Lakini akipita mtaani watu wazima walimwamkia, na mwenye duka alimsogezea kiti. Hiyo ndiyo ilikuwa pensheni yake.

Mwaka huu akatokea kijana mmoja wa mguu wa kushoto, ana uchu wa magoli huyo, we acha tu. Kufika mechi ya mwisho alikuwa na thelathini. Kampuni ya kubeti ikabandika tangazo kila kona: "Je, rekodi ya Kisigino itavunjwa?" Ukiweka ndiyo na ikavunjwa, wanakulipa mara sita. Picha ya mume wangu, ile ya ujanani yenye nywele nyingi, wakaitundika bila hata kupiga hodi kwetu.

Mimi ni fundi cherehani, nashonea sare za shule barazani, kwa hiyo kila anayepita namsikia. Nilisikia majirani wakiweka ndiyo. Sikuudhika. Mtu baki ni mtu baki.

Siku ya mechi tulikaa sebuleni: mimi na mzee, kifungua mimba wangu, ambaye ni fundi simu, na mkwe wangu aliyemwoa binti yetu, dereva wa lori. Dakika ya ishirini yule kijana akafunga. Kifungua mimba akaruka nusura aing'oe taa. "Bado moja! Bado moja tu!" Mkwe naye kapiga magoti sakafuni, anamwomba Mungu. Nikamtazama mume wangu. Alikuwa anapiga makofi taratibu, anatabasamu. Yeye alidhani wanashangilia mpira.

"Nyinyi mmeweka ndiyo?" nikauliza.

Wote wawili wakainamia vikombe vyao. Ptu! Yaani damu yake mwenyewe imeweka pesa ili jina lake lifutwe, halafu wamekuja kulitazama likifutwa wakiwa kwenye kochi lake, wanakunywa chai yake!

Mungu si Athumani. Kijana akagonga mwamba mara mbili, na kipenga kikalia. Thelathini na moja kwa thelathini na moja. Rekodi imefikiwa, haijavunjwa. Mkwe akaondoka bila kuaga. Kifungua mimba akabaki ameshika kichwa, na nilipombana akasema yote. Hakuweka pesa yake. Aliuza simu za wateja, simu kumi na nne alizoachiwa azitengeneze, na pesa yote akaiweka kwenye ndiyo. Wenye simu wanazitaka wiki ile ile, na mmoja wao ni askari polisi.

Asubuhi yake wakarudi wote wawili, mashati yamepigwa pasi. Hapo nikajua kuna uchafu unakuja.

"Baba," kifungua mimba akaanza, "unakumbuka ulilotuambia siku uliyostaafu? Lile goli la mwisho?"

Siku ile mume wangu alitukalisha, akatueleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Goli la thelathini na moja halikuwa lake. Mpira wa kona ulimpita, ukagonga goti la beki wa wapinzani, ukaingia wavuni. Refa akaandika jina lake, wenzake wakamrukia, naye akanyanyua mikono. Alitusimulia huku machozi yanamtoka. Tukamwambia, yamepita hayo, mzee, yaache.

"Sasa kama lile si lako," mkwe akadakia, "rekodi yako ni thelathini. Na kama ni thelathini, kijana ameivunja. Tumeshinda, Baba!" Akatoa karatasi iliyopigwa chapa. Kumbe walishamwandikia ungamo lake, wamemwachia mahali pa saini tu.

Jamani! Mtu akufunulie moyo wake, wewe uuchukue ukaulize bei? Nilitoka uani nikatapika chai yote. Niliporudi nilimkuta kifungua mimba amepiga magoti, ameng'ang'ania mguu wa baba yake, analia.

"Usitie saini," nikamwambia mume wangu. "Mwache akafungwe. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Akamwekea mwanawe mkono kichwani. "Mama watoto, goli kweli si langu," akasema. "Lakini huyu ni wangu." Akatia saini.

Watu wa ligi walitafuta picha za zamani, wakaliona goti la beki. Siku ya tatu wakatangaza redioni kwamba rekodi sasa ni ya yule kijana peke yake. Na mtaa nao, we! Mwenye duka akamuuliza mbele ya wateja, "Kumbe Kisigino, miaka yote ulikuwa unakula cha wizi?" Watoto wa shule, tena waliovaa sare nilizowashonea mimi, wakawa wanapita barazani wakimwita Goti la Beki. Mume wangu akaacha kutoka nje. Akatoka siku moja tu, kifungua mimba alipomwomba amsindikize ofisi ya kubeti, eti wamwone kwa macho wasije wakabisha. Nikawafuata.

Mle ndani kulikuwa na feni moja, dirisha lenye nondo, na jasho la wanaume waliokimbia kazi. Sakafuni imetapakaa mikeka iliyochanwa, vile vikaratasi vyao vya kubetia. Unakanyaga mishahara ya watu. Msichana wa dirishani akaisoma barua ya ligi aliyoileta kifungua mimba, akamtazama mume wangu, akainamisha macho.

"Shikamoo, mzee," akasema. "Mikeka tunailipa kwa jinsi kitabu cha ligi kilivyokuwa kipenga cha mwisho kilipolia. Siku ile kilisema thelathini na moja. Yaliyobadilishwa baadaye hayatuhusu. Imeandikwa nyuma ya mkeka."

Kifungua mimba akaugeuza mkeka wake, akasoma nyuma kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia baba yake, mbele ya kadamnasi ile, akafoka:

"Sasa Baba, miaka thelathini na minne ulishindwa nini kusema mapema?"

"Nilikuwa naona aibu, mwanangu."

Nikanyanyua mkono nimzabe kibao, nikaona hata hasikilizi. Alikuwa ameshageukia ukutani, kwenye tangazo la msimu ujao lenye picha ya yule kijana, anamuuliza msichana wa dirishani rekodi hiyo nayo ikivunjwa wanalipa mara ngapi.