Safu Tatu Kabla ya Saa Sita

Saa tano na robo Vuai, muuza viatu wa Unguja, alisimama nyuma ya kiti cha Mwatima, ghorofa ya tatu Barabara ya Zhanqian huko Uchina, akihema. Ngazi zote alizipanda mbio, viatu akaviacha mlangoni. Kontena walilochangia yeye na wenzake wanne lilikuwa linafungwa saa sita kamili. Likiondoka bila mizigo yao, meli inayofuata ingefika Unguja sikukuu imekwisha, na gauni au viatu vya Idi baada ya Idi nani anavitaka?

Ghala linalopakia kontena halikutaka makuu. Lilitaka orodha ya safu tatu: alama ya mzigo, idadi ya marobota, kilo. Lakini faili lililotumwa na viwanda lilikuwa na mistari mia sita, na kila mstari umetenganishwa kwa mikato: alama, bidhaa, rangi, marobota, kilo. Mwatima, binti wa Kiunguja anayewafanyia wafanyabiashara kazi za kompyuta, akaandika skripti, programu fupi ya kuchomoa safu ya kwanza, ya nne na ya tano. Ilimaliza kabla Vuai hajameza mate. Ghala likaikataa orodha.

"Ami, hebu tazama," Mwatima akasema. "Marobota: nyeusi. Kilo: nne."

"Kilo nne? Wamefunga soksi ya nani hiyo?"

Kumbe karani wa kiwanda kimoja alikuwa ameandika "gauni, mikono mirefu". Mkato ule wa ziada ulisukuma kila kitu hatua moja kulia. Mwatima akaanza kuifuta mikato ya namna hiyo mmoja mmoja. Ilizidi mia mbili.

Vuai aliachia shule darasa la tano, lakini orodha za mizigo amezisoma miaka ishirini, na siku zote huanzia kulia, kwenye kilo, kwa sababu porojo za makarani humchosha. Akaweka kidole kwenye kioo.

"Mwanangu, fujo yote iko katikati. Kilo ni ya mwisho kila mstari. Marobota ni ya pili kutoka mwisho. Hesabu kutokea huku, alama utaikuta mwanzo palepale. Hayo ya kati waachie wenyewe."

Mwatima alimgeukia mdomo wazi, akacheka, akabadilisha namba mbili tu kwenye skripti, akaiendesha tena. Marobota mia tisa na kumi na moja, na hakuna lililoitwa nyeusi.

Ghala lilipojibu kwamba limepokea, ilikuwa saa sita kasoro dakika nane. Vuai alishafika kwenye ngazi, anashuka mbili mbili, anampigia simu laoban, bosi wa Kichina wa ghala, asithubutu kufunga mlango. Huku juu Mwatima alikuwa anamwita arudi. Bosi wa viatu ametoka peku.