Kunona kwa Shosho Nyakio

"Umetupa wapi?"

"Kwa choo."

"Zote?"

"Mkebe mzima, Shosho. Na kifuniko."

"Mwaura, wewe ni daktari?"

"Mi si daktari. Lakini niko na macho."

"Macho! Uliacha shule fomu ya pili ukisema hesabu inakuuma kichwa, leo uko na macho ya kusoma dawa?"

"Kwani hiyo ilikuwa na nini ya kusoma? Hata karatasi haina. Dawa gani haina jina?"

"Ile inaniponya."

Akaniambia nitoke kwa jikoni yake. Nikatoka. Akanifuata mpaka mlangoni na mwiko. "Guka yako alikuwa mbishi," akasema, "lakini hakuwahi kuingiza mkono kwa vitu zangu. Wewe bwana wa pili umemshinda."

Mi nimeitwa jina ya guka, babu yangu, bwana yake, kwa hivyo tangu nizaliwe Shosho Nyakio ananiita bwanangu. Akiwa na furaha ni utani. Siku hiyo haikuwa utani.

Wacha niseme vile ilikuwa. Shosho anaishi Dundori, shamba ya viazi na ng'ombe mmoja, na mimi niko kwa nyumba ndogo hapo kando. Kazi yangu ni kupakia viazi kwa pikap ya Njuguna. Miaka sita mikono ya Shosho imekuwa ikijikunja. Vidole vilipinda vikafanana na tangawizi. Asubuhi hawezi kukunja ngumi, hawezi kushika kikombe. Mimi ndio nilikuwa namfunga vifungo vya blauzi, na nikimfunga anaangalia ukuta. Hiyo ndio alichukia kuliko maumivu yenyewe.

Tulijaribu kila kitu. Thabai, ile majani inawasha. Nilikuwa nakata nikiwa nimevaa soksi kwa mkono, yeye anajichapa magoti mpaka inatoka vipele, anasema moto hufukuza moto. Majani ya kabeji tukafunga na kitambaa. Mafuta ya kondoo. Mbegu ya avokado tukasaga. Bangili ya shaba ikamgeuza mkono rangi ya kijani. Shangazi akatuma vidonge vya mafuta ya samaki kutoka Nairobi, Shosho akasema anaskia tu akinuka kama hoteli ya ziwani. Zingine zilisaidia kidogo. Zingine zilimpa tu kitu ya kufanya akingoja iume tena.

Hospitali alienda mara moja. Jamaa wa pale hakuinua hata kichwa. "Ni uzee, mama." Akampa tembe za maumivu kwa bahasha. Shosho akaapa kwamba hiyo mlango hataingia tena.

Halafu Sue akakuja. Sue anaongoza kwaya kanisani kwetu, na ako na biashara ya hizi vidonge vya brown. Anasema ni miti shamba tupu, hakuna kemikali. Wiki mbili, Shosho akawa anakamua ng'ombe mwenyewe. Sitadanganya, hata mimi nilifurahi. Nilimwona akifunga vifungo vyake akiimba.

Lakini miezi ikaenda, akaanza kunona. Na huku kwetu mtu akinona anapewa hongera. "Nyakio, umenona! Mungu ni mwema!" Wamama wanamshika mashavu. Mashavu ilikuwa imejaa mpaka macho ikabaki mistari mbili. Lakini mimi ndio nilikuwa naishi na yeye. Mikono na miguu ilikuwa inaisha, imekuwa kama mpini wa jembe. Akiguswa kidogo na mkia wa ng'ombe, ngozi inabaki nyeusi wiki mzima. Na maji! Anakunywa jagi baada ya jagi. Nikimuuliza, anasema ni afya.

Sue akamwambia pasta kwamba Jumapili inayokuja Nyakio atatoa ushuhuda, aseme vile alipona. Hapo ndio nilishikwa na hasira. Nikangoja aende kuchota maji, nikatupa mkebe.

Nilifikiria ataumwa mikono tu, tugombane, yaishe.

Siku ya tatu, ng'ombe ililia kutoka asubuhi na hakuna mtu alikuwa anaenda kuikamua. Nikapata Shosho kwa kitanda ametapika, hawezi kuinua kichwa. Alikuwa baridi na jasho inamtoka. Nikiita anafungua macho, anafunga.

Sijui nani alimwambia Sue. Alifika na wamama wawili na mkebe mpya.

"Unaona sasa?" akaniambia. "Dawa ndio ilikuwa imemshika. Shetani hutumia watoto wa hii nyumba."

"Mimi si mtoto."

"Basi toka njiani nimpe."

Alikuwa ameshatoa kidonge moja. Nilimnyang'anya.

"Hii naenda nayo," nikasema. "Na shosho yangu naenda na yeye."

"Akikufia kwa barabara?"

Nilimbeba Shosho mpaka kwa pikap. Uzito wake wote ulikuwa kwa uso, nakuambia. Njuguna akamwaga magunia kando ya barabara bila kuuliza swali, tukashuka Nakuru.

Kuna duka moja ya dawa karibu na soko, mwenyewe anaitwa Unnati. Baba yake alikuwa na hiyo duka kabla yake. Mi hununua hapo dawa ya mgongo. Nilimwambia Njuguna asimame hapo kwanza, kwa sababu hospitali nilijua wataniuliza amekula nini, na mimi singejua jibu. Unnati akatoka na koti yake nyeupe mpaka kwa gari, akaangalia Shosho kwa dirisha.

"Hii uso ilianza kufura lini?"

"Haijafura. Amenona."

"Boss, niangalie. Hii si kunona. Amefura."

Sijui niliskia nini kwa hiyo neno. Miezi nane kijiji mzima ilikuwa inatumia neno moja, na mtu mmoja ametumia lingine, nikaona uso ya shosho yangu vile iko.

Nikampa kile kidonge. Akafungua ganda lake, akamimina unga kwa kiganja.

"Kwa macho siwezi kujua iko na nini, hiyo ni kazi ya maabara. Lakini watu wananiletea hizi. Mara nyingi ni unga ya miti na mtu ameficha steroidi ndani. Maumivu inaisha kama uchawi, na mwili unasahau kutengeneza yake. Sukari inapanda, mifupa inaisha. Ameacha kumeza lini?"

"Siku tatu."

"Nani alimwambia aache mara moja?"

Njuguna aliangalia usukani.

"Mimi," nikasema. "Nilitupa kwa choo."

"Haiachwi hivyo! Inashushwa pole pole, na daktari akiangalia. Ungemuua wewe, si yule aliuza." Akaandika neno moja refu kwa karatasi, jina ya steroidi ya sindano. "Wapatie hii mlangoni. Enda. Sasa hivi!"

Walimwekea maji na sindano. Jioni akafungua macho, akauliza nani amekamua ng'ombe. Sukari yake ilikuwa kumi na tisa. Hata mimi wa fomu ya pili niliona vile nesi alishtuka, nikajua hiyo si namba nzuri.

Daktari alikuwa mwanamke, Daktari Chepkurui. Huyu alikaa kwa kitanda. Akashika vidole vya Shosho kimoja kimoja, akibonyeza kwa viungo.

"Mama, hii si uzee," akasema. "Ni ugonjwa. Mwili wako unapigana na viungo vyake wenyewe. Iko na jina na iko na dawa. Vile vimepinda sitavinyoosha, sitakudanganya. Lakini vile vimebaki tunaweza kuzuia."

Shosho aliangalia vidole vyake.

"Miaka sita," akasema. "Miaka sita naambiwa ni uzee."

"Pole, mama."

"Na thabai?"

"Kama inakusaidia na haikuumizi, jichape. Mafuta ya samaki kunywa. Lakini kila kitu unaweka kwa mdomo, mimi nijue."

Daktari alipoenda nikaamua kusema. "Shosho, hii ilitokea kwa sababu nilitupa..."

"Najua ni wewe. Nani mwingine mjinga hivyo?" Akageuza kichwa. "Na nani mwingine angenibeba? Lete chai, bwanangu. Bila sukari, wamesema."

Alitoka Ijumaa. Dawa ya hospitali walisema itachukua wiki nyingi kabla ianze kufanya kazi, na ile steroidi wanampunguzia kidogo kidogo. Maumivu ilirudi yote, na riba. Jumamosi mzima hakuenda mbali na kiti. Lakini Jumapili asubuhi nikamkuta amekaa kwa kitanda na blauzi nyeupe ya kanisa.

"Nifunge vifungo."

"Hatuendi popote. Hata kutembea huwezi."

"Niliahidi ushuhuda. Nitatoa."

Kanisa ilikuwa imejaa. Sue alimwona, uso ukang'aa. Nadhani alifikiria Shosho amerudi kwake. Akaimbisha wimbo, akasema kwa maiki, "Tuko na mama hapa ambaye Mungu ametoka naye mbali!" Makofi. Shosho akatembea mpaka mbele, hatua moja moja, akachukua maiki na mikono miwili kwa sababu moja haingeshika.

"Bwana asifiwe."

"Amen!"

"Mmekuwa mkiniambia nimenona."

"Amen!" Watu wakacheka, mama mmoja akapiga kigelegele.

"Ng'ombe yangu ikifura tumbo, mnakuja mbio, mnaita veti hata kama ni usiku. Mimi nimefura miezi nane mkinipigia makofi."

Kile kigelegele kilikatika katikati.

"Mama," Sue akasema, "labda tukae kidogo, umetoka hospitali..."

"Ngoja, Sue. Uliniambia hizi dawa ni miti. Miti gani?"

"Ni... mchanganyiko. Ni siri ya kampuni."

"Mimi nimekula miti tangu nizaliwe. Mamangu alinionyesha. Mti haina siri, iko na jina. Taja mmoja."

Sue akageukia kwaya yake.

"Mmoja tu. Hata mbaya."

Pasta akasimama. "Wapendwa, tuinamishe vichwa tuombe."

"Ombeni, pasta, lakini kwanza nimalize. Nani mwingine hapa anameza hizi za brown?"

Nilidhani hakuna mtu atajibu. Mkono mmoja ukainuka huko nyuma. Wa pili. Halafu mzee wa kanisa, mtu mkubwa, ameinua wake kidogo tu, kama mtu anajikuna sikio. Wakafika saba.

"Msitupe kwa choo," Shosho akasema. "Huyu bwanangu alitupa zangu nikakaribia kuzikwa. Muone, ndio huyo, mrefu hivyo na hana akili." Watu wakanigeukia. Sikuinamisha kichwa. "Chukueni mkebe, muende nao hospitali, mseme ukweli. Wakiwaambia ni uzee, kataeni. Kaeni hapo mpaka mtu awashike vidole."

Sue hakukubali. Alikuja karibu na madhabahu, shingo imesimama mishipa.

"Na maumivu? Imerudi ama haijarudi? Sema mbele ya Mungu, Nyakio! Ukiwa na yangu ulikuwa unakamua. Leo unaweza kukamua?"

Vidole vya Shosho vilikuwa vimefura vyekundu, na nilijua vile viliuma, kwa sababu asubuhi wakati wa kufunga kifungo cha mkono alikuwa ameuma mdomo. Nikasimama kwa benchi.

"Imerudi," Shosho akasema. "Imerudi yote. Siwezi kukamua, siwezi kushika kijiko. Na bado sitaki yako."

Akaweka maiki juu ya Biblia ya pasta. Nikatoka kwa benchi nimshike mkono, akaniangalia vile anaangalia kuku imeingia jikoni. Nikarudi nikakaa. Akageuka, akashuka katikati ya viti na magoti yake mabaya, hakushika bega ya mtu, hakushika benchi, akatembea mpaka mlangoni akatoka nje kwa jua.