Lyse Si Mgebuka

Pale kambini kwa wakimbizi, mtu akikuuliza u hali gani, unajibu kwa Kirundi "Ni meza", yaani nzuri tu, hata kama upepo umekung'olea paa usiku. Bibi Révérienne alimlea mjukuu wake Lyse katika adabu hiyo ya kwao Burundi. Sasa adabu hiyohiyo ilikuwa inamponza binti.

Chuo kimoja cha kompyuta mjini Kigoma kilitoa nafasi moja kwa kijana wa kambini. Mwalimu wake, Anatoli, alitaka apewe Lyse. Ila mshauri nasaha, Verediana, ilibidi kwanza aridhike kuwa binti amepona moyo, na kila alipomuuliza habari za njiani walipokimbia, Lyse alijibu, "Ni meza, dada."

"Hajichunguzi," Verediana alisema siku ya uamuzi, mbele ya Lyse, bibi na mwalimu. Hakuwa mtu mbaya. Bibi alipofika tu, alimsogezea kiti kivulini. "Saikolojia inataka mtu ajitazame ndani, aseme anachokiona. Asiyesema hajatazama."

Damu ilimchemka bibi. "Mwanangu, anayepasuliwa tumbo akaanikwa juani ni samaki mgebuka. Mjukuu wangu si mgebuka."

Anatoli aliangua kicheko, akakimeza. Lyse akavuta kompyuta ya mwalimu.

"Dada, hata programu hujichunguza. Hii nimeiandika mwenyewe. Ikiwa kazini inajiuliza: mimi ni kitu cha aina gani, nimebeba nini? Haya, iulize."

Verediana akaandika: Una nini ndani? Majibu yakashuka kwenye kioo. Jina. Lugha tatu. Wimbo mmoja wa kanisani. Kisha: Kingine kipo. Nakijua. Sikitoi.

"Imeharibika?"

"Nzima kabisa. Imetazama mpaka chini, ila wewe haikukuonyesha."

"Na wewe, Lyse?"

"Kila asubuhi nikienda kuchota maji, natazama ndani. Mama namkuta palepale mtoni tulipomwacha." Akamgeukia Verediana. "Nimekwambia yupo. Zaidi ya hapo sisemi, hata kama chuo nitakikosa."

Bibi aliiona nafasi ikiwaponyoka. Ulimi ulimwasha amwambie mtoto aseme tu, yaishe. Akaung'ata. Aliinuka kitini akaenda kusimama nyuma ya mjukuu wake, mikono juu ya mabega yake, akamkazia macho mshauri.

Verediana alifunga kompyuta taratibu, kama mtu anayerudishia mlango wa chumba alimolala mgonjwa.

"Mwalimu, gari la Kigoma linaondoka lini?"

"Jumatatu."

"Basi na aende. Kujitazama anajua." Akamtolea bibi kiti njiani apate kupita, akamshika mkono. "U hali gani lakini, bibi?"

"Ni meza," alijibu Révérienne, kidevu juu.

Safari hii Verediana aliitikia kwa kichwa, akaliacha jibu kama lilivyo.