Gambuti na Mende Sita

Jumamosi saa nne asubuhi, Nafula alikuwa sebuleni kwake Ziwani akipaka mafuta ya kujipaka kwenye ukingo wa beseni la plastiki, ili mende wateleze wasitoke. Hawa hawakuwa mende wa jikoni, wale wa kutimua mbio ukiwasha taa. Walikuwa mende wa Madagaska, wakubwa kama kidole gumba cha mwanamume, hawana mabawa, na ukimgusa mmoja hutoa pumzi ubavuni kwa mlio wa ssss, kama chai inapomwagikia jiko. Jirani yake Muoki, mchonga vinyago, alikuwa ameachiwa dume na jike na mteja aliyehama nchi. Mke wa Muoki aliapa kurudi kwao Machakos wadudu wale wakilala ndani, kwa hiyo wakahamia kwa Nafula.

Nafula aliwapenda tangu siku ya kwanza. Aliwalaza kwenye trei za mayai, akawapa maganda ya karoti na ndizi, akawaning'inizia balbu ya kuwapa joto. Jike huzaa wana walio hai, ishirini au thelathini kwa mara moja. Mwaka haukuisha mabeseni yakawa manne, na majirani waliokuwa na tabia ya kuingia bila hodi wakaiacha.

Mumewe, Bwire, alikuwa kibarua katika kiwanda cha kusaga chokaa kwa miaka kumi na minne. Chumba cha kinu kilikuwa na feni moja ya kutoa vumbi nje, nayo ilikuwa imekufa miaka mitatu. Wenye kiwanda waliifunika kwa gunia, njiwa wasiingie. Njiwa walishughulikiwa mara moja.

Mwezi wa pili Bwire alianza kuhema akifunga kamba za viatu. Mwezi wa nne, Jumapili baada ya ibada, akiwa ameketi kwenye kochi, pumzi zikamwishia. Nafula alikuwa na mende mmoja mkononi. Akamweka kifuani pa mumewe ili apate mikono miwili ya kumwinua. Mende akatembea, akasimama kwenye ubavu wa tatu, akatoa ssss, na kifua cha Bwire kikapanda. Akatoa tena, kikashuka na kupanda. Bwire akauliza kama ugali umebaki. Nafula akaongeza mende wengine watano, kwa sababu yule mmoja alionekana kuchoka.

Kliniki, Daktari Nimco alimpiga picha ya kifua. Mbavu zilikuwepo, na moyo pia. Mahali pa mapafu palikuwa patupu, isipokuwa kitu cheupe chini kabisa, kama vijiko viwili vya unga.

"Mapafu yamekwisha," daktari alisema. "Hawa wanakula nini?"

"Karoti na ndizi."

"Endelea hivyo. Usiwabadilishie chakula ghafla."

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Bwire alirudi kinuni Jumatatu, mende sita ndani ya shati, na jioni Nafula akawapumzisha na kumvalisha wengine sita.

Hata hivyo Bwire alikuwa na lalamiko, na aliipeleka ile picha kwenye ofisi inayosikiliza mambo ya wafanyakazi. Hakutaka makuu. Binti yao Ayuma angemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, na pale langoni mwa kiwanda desturi ilikuwa watoto wa vibarua wachukuliwe kwanza. Kazi nyingine haikuonekana hata kwa darubini.

"Sitaki aingie pale feni ikiwa imekufa," alimwambia mkewe. "Siku ataingia, feni iwe inazunguka. Hiyo tu."

Karani aliiinua picha dirishani, akasema hajawahi kuona kesi iliyo wazi namna ile, akawapa tarehe: Jumatano, wiki tatu mbele.

Ilipobaki Jumapili moja kabla ya tarehe hiyo, Nafula akafanya lile ambalo mshirika yeyote wa kanisa lao angefanya. Mungu akikutendea jambo, unasimama na kulisema. Anayemeza ushuhuda hunyang'anywa baraka, na Nafula hakuwa na baraka za kuchezea.

"Bwana asifiwe," alisema.

"Amen."

"Mume wangu hana mapafu, lakini anapumua vizuri kuliko mimi. Hata jana amebeba magunia kazini."

Akamwambia Bwire afungue vifungo. Mende sita wakalia kwa pamoja, na mpiga kinanda akaitafuta sauti yao mpaka akaipata. Watu wakapiga makofi. Aliyepiga makofi zaidi ni Ndete, shemasi wa kanisa, ambaye siku za kazi alikuwa msimamizi wa vibarua katika kiwanda kile kile cha chokaa. Baada ya ibada alikuja kumshika Nafula mkono.

"Mama Ayuma, huo ushuhuda umenigusa. Hawa huzaana?"

"Sana."

"Mungu ni mwema," alisema Ndete.

Jumatano kiwanda kilimtuma Ndete na karatasi moja. Ilisema kwamba mlalamikaji anapumua, anabeba magunia, na kwamba mke wake amekiri hivyo mbele ya waumini mia mbili. Karani alimwomba Bwire apumue. Bwire akapumua. Karani akaandika, akafunga faili, akawatakia safari njema.

Nafula alilia njiani, wazi, bila kujifunika uso. Alikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu ya mdomo wake mwenyewe.

"Ni mimi, Baba Ayuma. Ni mimi nimeharibu."

"Ulishukuru," Bwire alisema. "Sasa mtu akose kushukuru?"

Kufikia mwezi wa nane vibarua wengine walikuwa wakibisha hodi, wameshikilia vifua. Nafula hakuweza kumnyima mtu pumzi. Mabeseni yakawa kumi na moja, akahamisha kochi nje. Mwezi wa tisa tangazo likabandikwa langoni: kila kibarua aje na kitambulisho, gambuti na mende sita. Askari wa lango aliwahesabu kwa kalamu. Mwenye watano alirudishwa nyumbani.

Wakati huo Nafula alikuwa ameanza kusikia mlio wa mende ukikwaruza. Wakirudi jioni, aliwageuza mmoja mmoja na kuwasugua vitundu vya pumzi ubavuni kwa mswaki laini, na maji kwenye kikombe yakawa meupe. Mende wa aina hii akitunzwa nyumbani huweza kufika miaka mitano. Wa kinuni walikuwa wakifika miezi minne. Nafula aliwazika nyuma ya choo, akazalisha wengine.

Ayuma akafanya mitihani yake, akamaliza. Mwezi wa kwanza akaenda langoni asubuhi na mapema, na saa mbili alikuwa amesharudi.

"Mum, nimewaambia mimi niko na mapafu zangu," alisema akivua gambuti mlangoni. "Supa Ndete amesema hizo ni sawa, nikae nazo tu. Lakini lazima kila mtu akuje na mende wake."

"Feni iko aje?" baba yake, ambaye wiki hiyo hakuwa na zamu, aliuliza.

"Iko. Imefunikwa na gunia."

Mende wa kifuani pa Bwire waliendelea na kazi yao, mmoja baada ya mwingine.

Nafula alichukua mkebe mtupu wa majarini, akatoboa kifuniko kwa msumari. Akapiga magoti kando ya beseni la vijana, akawasikiliza kila mmoja karibu na sikio, akachagua sita wenye mlio safi. Akawatilia kipande cha karoti. Kisha akafungua pakiti ya miswaki, akatoa mmoja wa rangi ya waridi, akamkabidhi binti yake pamoja na mkebe.

"Huu," alimwambia, "si wa meno."