Kibati cha Mzee Grisi

Katika manowari ile kila mtu aliijua amri: ashukaye chumba cha mitambo sharti atundike kibati chake cha namba ubaoni, na asiyetundika atasugua sakafu ya chini ya injini siku saba, awe na cheo gani.

Aliyeitunga ni fundi mkuu mwenyewe, aliyeitwa Mzee Grisi. Luteni mpya wa usalama alipoletwa, mwanamke mwembamba, rika la kitinda mimba wake, mzee alimpokea kwa kejeli.

"Binti, huku hakuna kioo cha kujitazama."

"Sikuja kujitazama, Mzee. Nimekuja kuwatazama ninyi."

Mabaharia wakaangua kicheko. Mzee alinuna wiki nzima.

Asubuhi moja alisikia injini ikikoroma vibaya. Akavua makubazi yake mlangoni, akavaa buti, akashuka mbio. Kibati kikabaki mfukoni. Punde bomba la mafuta likapasuka, moto ukalipuka, na moshi ukamziba macho asiione ngazi.

Alijua kinachofuata, maana ndiye aliyewafundisha: mlango hufungwa, kisha hufunguliwa gesi ya kuzimia moto, nayo gesi ile haimwachi mtu hai. Akapapasa mfuko. Kibati kilikuwa humo, si ubaoni.

Sauti zikamfikia kutoka juu, ya baharia na ya luteni.

"Ubao mtupu, Afande! Vuta mkono wa gesi, moto unakaribia tangi!"

"Makubazi haya ya nani?"

"Ya Mzee, lakini ubao..."

"Ubao hauvai makubazi. Nyamaza nisikie."

Kutoka juu spana ikagonga bomba mara tatu. Mzee akajibu kwa kuligonga bomba kwa kibati chake mara tatu.

Mara alishikwa ukosi. Luteni alikuwa ameshuka mwenyewe, barakoa usoni, kamba kiunoni. Akamburura hadi nje, akafunga mlango, akavuta mkono wa gesi. Moto ukafa.

Mzee alilala sitahani akimkodolea macho. Masizi yalimjaa luteni usoni, naye alikuwa akiwahesabu watu wake mmoja mmoja, kwa sauti tulivu kana kwamba ni gwaride. Katika miaka yake yote ya bahari hakupata kuona utulivu wa namna ile. Akavua kofia.

Kesho yake mabaharia wakamwombea msamaha kwa ajili ya uzee wake. Luteni akafungua daftari lake la adhabu. Mzee akasimama wima, akapiga saluti.

"Afande, naomba brashi."

"Siku saba, Mzee."

"Saba, Afande."

Siku ya saba luteni alipitisha kidole sakafuni, akakitazama, akaandika daftarini kwamba adhabu imetimizwa. Mzee akapanda ngazi kwa magoti yaliyochubuka, akakitungua kibati chake ubaoni.